Siku Mia Baada ya Kupandikizwa Uloto

Leo somo letu ni juu ya mgonjwa wa saratani aliyepandikizwa uloto, akatoka hospitali, akarudi nyumbani. Kazi ya madaktari tutaipitia upesi, maana wenyewe wanaijua. Tutakaa zaidi kwenye kazi yetu sisi wa nyumbani: mume au mke, watoto, mashemeji, majirani, na hata yule kijana wa duka la dawa. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuvuka salama hospitalini, halafu akaangukia nyumbani kwake mwenyewe, kwa kikombe cha maziwa au kwa homa ya usiku mmoja ambayo watu walisema, "Tungoje kukuche."

Ili somo lieleweke tumetunga mgonjwa wa mfano. Tumwite Mama. Ana miaka 56, anakaa pembezoni mwa mji wa Babati, ana shamba la mahindi na mbaazi, ng'ombe wawili wa maziwa na kuku kadhaa. Mama huyu hayupo. Ila wenye ugonjwa wake wapo, na njia tunayompitisha hapa ndiyo njia yao.

Ugonjwa ulivyoanza

Mama aliumwa mgongo mwaka mzima. Mkulima gani haumwi mgongo? Kila mtu alisema ni jembe. Akanunua dawa za maumivu dukani, akameza, akarudi shambani. Siku moja aliinua ndoo ya maji ya lita 20, akasikia "ka!" ubavuni. Mfupa umevunjika, kwa ndoo tu. Hospitali wakaona damu imepungua na figo zimeanza kuchoka. Akapelekwa KCMC kule Moshi, na huko ikajulikana kuwa ana saratani iitwayo mieloma.

Mieloma ni saratani ya uloto. Uloto ni nini? Ukila supu ya makongoro, ukagonga mfupa kwenye sahani na kunyonya kilichomo, umenyonya uloto. Ule wa mguu wa ng'ombe mkubwa umejaa mafuta. Lakini uloto ulioko kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari ndicho kiwanda cha damu. Humo hutoka chembe nyekundu, zinazobeba hewa mwilini. Hutoka chembe nyeupe, ambazo ni askari wa kupigana na vijidudu. Na hutoka chembe sahani, zinazoziba mahali tulipojikata ili damu isiendelee kutoka.

Katika mieloma, aina moja ya chembe nyeupe huharibika. Huzaana ovyo, huwasonga wenzake kiwandani, na mifupa huanza kuliwa. Ndiyo sababu damu ikapungua, na mfupa ukavunjika kwa ndoo. Basi mtu mzima akiwa na maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha, na huku damu inapungua au anaugua ugua kila mara, asiishie kwenye dawa za dukani. Aende akapimwe damu, mkojo na mifupa.

Tuongeze neno juu ya hizo dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona, huumiza figo za mgonjwa wa mieloma. Hata baada ya kutibiwa asizitumie bila daktari wake kukubali.

Kupandikiza kunafanywaje

Mama alitibiwa kwanza kwa dawa kwa miezi kadhaa. Saratani iliposinyaa, alipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Zamani Mtanzania aliyehitaji tiba hii ilimlazimu kwenda nje, kama vile India. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa mieloma. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ilianza, kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Tiba yenyewe si ya jana. Daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas, alitangaza majaribio yake ya kwanza kwa binadamu mwaka 1957. Wagonjwa wake wa mwanzo hawakuishi muda mrefu. Hakuacha, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wengi wakisikia "kupandikiza" wanafikiri mtu anapasuliwa. Hapana. Kwa Mama hakukuwa na kisu. Hebu fikiri shamba lililovamiwa na magugu mabaya, yenye mizizi mpaka chini. Palizi imepunguza magugu lakini haikuyamaliza. Mwenye shamba anaamua kuua kila kilichomo, magugu na mazao pamoja. Lakini kabla ya hapo anachukua mbegu nzuri za shamba lile lile, anaziweka mahali salama. Shamba likiisha safishwa, anazirudisha.

Mama alichomwa sindano kwa siku kadhaa, za kuzifanya mbegu za damu zitoke ndani ya mifupa na kuingia kwenye mishipa. Kisha damu yake ikapitishwa kwenye mashine kwa saa kadhaa. Mashine ikachuja zile mbegu, damu nyingine ikamrudia. Mbegu zikahifadhiwa kwenye baridi. Halafu akapewa dawa kali sana iitwayo melfalani, akiwa anamung'unya vipande vya barafu ili mdomo usiungue sana. Dawa hiyo huua saratani, lakini haichagui. Kiwanda chote cha damu nacho kinakufa. Baada ya hapo mbegu zake zikarudishwa kwa mrija kwenye mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Siku hiyo huitwa siku ya sifuri. Kuanzia hapo wanahesabu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mbegu zenyewe hujua njia ya kurudi mifupani. Lakini haziwezi kuota siku hiyo hiyo. Huchukua siku kama 10 mpaka 14. Katika siku hizo mwili hauna askari kabisa. Mtu mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kitone kidogo mno cha damu, ujazo wa milimita moja. Za Mama zilikaribia sifuri. Midomo ilichubuka, akaharisha, nywele zikamtoka, chakula kikawa na ladha ya majivu. Kisha hesabu ikaanza kupanda: 100, 300, 800, 1,500. Madaktari wakafurahi. Akatoka wodini, akakaa kwa mdogo wake Dar es Salaam ili awe karibu na kliniki. Siku ya 45 akashuka kwenye basi, stendi ya Babati.

Wako wengine wanaopandikizwa mbegu za mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hufanyika hivyo kwa selimundu na kwa baadhi ya saratani za damu. Hao wana shida moja zaidi: askari wageni wanaweza kumshambulia mwenyeji, wakaunguza ngozi, matumbo au ini. Kwa hiyo wanameza dawa za kuwatuliza askari, na hatari yao ya kuambukizwa hudumu muda mrefu zaidi. Yote tutakayoyasema juu ya Mama yanawahusu, tena kwa mkazo.

Mtu mzima aliyezaliwa upya

Mama anaposhuka kwenye basi, watu wanaona mtu mzima. Amekonda, amefunga kitambaa kichwani, lakini anatembea na kucheka. Wanasema, "Amepona!" Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Askari wake wapo, ila ni wachanga, hawajafunzwa. Chanjo alizochanjwa akiwa mtoto zimefutika pamoja na kiwanda cha zamani. Atapaswa kuchanjwa upya, na kazi hiyo kwa kawaida huanza baada ya miezi 6 hadi 12. Chanjo za vijidudu hai, kama ya surua, husubiri si chini ya miaka 2. Kwa upande wa kinga, basi, Mama ni mtoto mchanga mwenye miaka 56.

Na sisi tunajua kumlea mtoto mchanga. Mama aliyejifungua na mtoto wake hukaa ndani siku arobaini. Wageni hawaingii ovyo, aliyetoka safari haendi moja kwa moja kumbeba mtoto, maji yanachemshwa, mzazi hapewi jembe. Hakuna anayesema eti mzazi anaringa. Desturi hiyo tunayo. Kinachotakiwa ni kumpa Mama desturi hiyo hiyo, ila badala ya siku 40 ni siku 100, na baada ya 100 tahadhari inaendelea kwa miezi mingi, ikilegezwa kidogo kidogo. Akifika Babati siku ya 45, zimebaki siku 55 za kumlinda kama yai.

Kuna neno lazima tulisema wazi. Mama anavaa barakoa. Jirani mmoja atanong'ona kuwa ni kifua kikuu, mwingine atasema ni UKIMWI, wa tatu ataondoa kikombe chake. Saratani haiambukizi. Barakoa ya Mama haitukingi sisi na yeye. Inamkinga yeye na sisi. Mafua yetu ya siku tatu, kwake yanaweza kuwa kichomi cha kumlaza kitandani.

Chakula cha Babati

Tunaijua meza ya kwetu. Ina maziwa mgando ya kibuyu, kachumbari, nyama choma ambayo wengine huipenda ikiwa na damu damu, na kiporo cha ugali asubuhi. Vyote hivi Mama ataviaga kwa muda.

Maziwa ya ng'ombe wake yachemshwe mpaka yafurike, ndipo anywe. Yule ng'ombe si adui, lakini maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao humpa binadamu homa ndefu, na hata vya kifua kikuu cha ng'ombe. Mgando wa kibuyu hutengenezwa kwa maziwa mabichi na kibuyu hakioshwi kikatakata. Kama jamii yako hunywa maziwa na damu, hiyo nayo aache. Nyama iive mpaka ndani isiwe nyekundu. Yai lichemshwe mpaka kiini kigande. Samaki wa Ziwa Babati ni chakula kizuri sana, akipikwa akaiva. Mbaazi, maharage, uji wa ulezi, viazi, mboga za majani zilizopikwa, vyote ni halali. Matunda yawe ya kumenya, ndizi au chungwa, amenye mtu aliyenawa mikono. Maji ya kunywa yachemshwe, hata ya bomba.

Chakula kipikwe, kiliwe kikiwa moto. Kilichobaki apewe mwingine. Najua, hapa mama mkwe atanung'unika kwamba tunafundisha watu kutupa chakula. Hatusemi kitupwe. Tunasema kiporo hakimfai mgonjwa huyu.

Kwa kuwa ladha imepotea, Mama atakataa sahani kubwa. Msimgombeze. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Ladha hurudi taratibu, wiki baada ya wiki. Maji anywe mengi kwa ajili ya figo, kwa kiasi alichoambiwa na daktari wake.

Sasa mahindi. Mahindi na karanga zenye ukungu ni hatari kwa kila mtu, maana zina sumukuvu. Mwaka 2016 wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara yetu hii walipatwa na msiba huo. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 kati yao walikufa. Kwa Mama kuna hatari ya pili: vumbi la ukungu wenyewe. Mtu akilivuta pumzi, mbegu za ukungu huingia mapafuni. Sisi askari wetu wanazimaliza pale pale. Kwake zinaweza kuota. Kwa hiyo asiingie ghalani, asipukuchue mahindi, asipepete, na siku mnapopiga mbaazi uani yeye awe ndani au kwa jirani.

Vumbi, kuku na ndoo

Babati ina vumbi. Miezi ya kiangazi upepo unashuka kutoka upande wa Mlima Kwaraa na kila gari likipita linatuachia wingu. Chumba cha Mama kiwe mbali na barabara kama inawezekana. Kifagiliwe baada ya kunyunyiza maji, tena yeye akiwa nje. Kuku wasilale ndani ya nyumba wala jikoni. Samadi asiishike, zizi asifagie, bustani asipalilie. Kama kuta ni za udongo na mnataka kuzikandika upya, ngojeni. Mbwa na paka wakae uani.

Wajukuu? Wajukuu ni dawa, hatuwezi kumnyima. Lakini mwenye mafua, tetekuwanga au upele wa homa abaki kwao. Mtoto akipewa matone ya chanjo ya polio, chanjo isizuiwe, ila kwa wiki kadhaa nepi zake abadilishe mtu mwingine, maana vijidudu dhaifu vya chanjo hutoka kwenye choo. Kila anayemkaribia Mama anawe mikono kwa sabuni. Wekeni ndoo yenye koki mlangoni, kama tulivyofanya wakati wa korona mwaka 2020. Usiku alale ndani ya chandarua.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mfupa uliokwisha kuliwa na mieloma haurudi kuwa wa zamani kwa sababu saratani imetulia. Uti wa mgongo unaweza kubonyea, na mtu akapoteza nguvu za miguu. Kwa hiyo hakuna kubeba maji, kuni wala gunia, na hakuna kupanda bodaboda kwenye njia ya makorongo. Akihisi ganzi miguuni, au mkojo ukakataa kutoka, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Hakuna uvivu hapa

Jambo linalovunja nyumba nyingi ni uchovu. Mama analala usiku mzima, anaamka amechoka. Anaoga, anachoka. Mume anaona wiki ya nane imepita, damu imesomwa nzuri, shamba linasubiri, na mkewe amekaa kwenye mkeka. Anaanza kusema maneno. Sisi tunamwambia Baba hivi: uchovu huo ni wa kweli, hudumu miezi 3 mpaka 6, na kwa wengine mwaka. Mwili unajenga kiwanda kipya. Mwanaume aliyewahi kuanza shamba kwenye pori anajua nguvu zinakwenda wapi kabla ya gunia la kwanza kupatikana.

Dawa ya uchovu huu si kulala kutwa. Atembee. Leo mpaka mti wa kwanza, wiki ijayo mpaka wa pili, asubuhi kabla ya vumbi la magari. Apumzike kabla hajachoka kabisa. Nywele huanza kuota baada ya miezi 2 au 3. Huzuni nayo huja, wakati mwingine baada ya kufika nyumbani, pale ambapo kila mtu anatarajia furaha. Mama analia na hajui kwa nini. Asiambiwe, "Mshukuru Mungu, wenzako wamekufa." Akae na mtu wa kumsikiliza, na kliniki waambiwe, wana msaada. Mambo ya chumbani kati ya mke na mume, muulizeni daktari bila haya. Yeye ameulizwa hayo mara nyingi.

Na msiba je? Tuseme siku ya 70 kaka wa Mama anafariki. Hapa hatutasema kirahisi. Kwetu kutokwenda msibani ni jambo zito, na watu hawasahau. Lakini matanga maana yake ni watu mia ndani ya turubai, mikono mia ya kushika, chakula cha masufuria makubwa kilichopoa, vumbi la kaburi. Maoni yetu ni kwamba wazee wa ukoo wakae mapema, kabla hata ya msiba kutokea, na kutamka mbele ya watu: huyu ameruhusiwa. Wakitamka wazee, hakuna atakayemlaumu. Kama moyo wake hauwezi kabisa, afike makaburini peke yake, asimame mbali upande upepo unakotoka, na barakoa yake, asishike mikono, asile, arudi nyumbani. Shikamoo inatosha kwa mdomo.

Dawa na daftari

Mama amerudi na dawa za kumkinga. Kuna ya kuzuia mkanda wa jeshi, ambayo mara nyingi humezwa mwaka mzima. Kuna Septrini ya kuzuia kichomi. Baadaye huenda akaongezwa dawa ya kuishikilia mieloma isirudi haraka. Maana tuwe wakweli: kwa wagonjwa walio wengi, kupandikiza hakung'oi mieloma moja kwa moja. Hununua miaka, tena miaka ya kutembea na kufanya kazi. Ndiyo maana kliniki haziishi.

Majani, mizizi na unga wa mtaani, hata unaosifiwa kuwa "unaongeza kinga", usimpe. Baadhi huvuruga dawa, baadhi huumiza ini na figo zilizokwisha choka, na unga uliosagwa mtaani una ukungu wake.

Msomaji wetu uliyemaliza kisomo, hapa ndipo kalamu yako ina thamani. Nunua daftari na kipimajoto. Ukurasa wa kwanza andika: jina la mgonjwa, ugonjwa wake, tarehe ya siku ya sifuri, dawa anazomeza, na namba ya simu ya wodi au kliniki ya uloto. Andika pia: "Akiongezewa damu, piga simu kwanza," maana damu yake hutayarishwa kwa namna ya pekee. Kurasa zinazofuata ni za joto, asubuhi na jioni.

Kipimajoto kina nukta. Mtu mzima kwa kawaida husoma kama 36.5 au 37.0. Tarakimu iliyo baada ya nukta usiidharau: 37.9 na 38.0 zinatofautiana kwa sehemu moja tu ya kumi, lakini mpaka uko hapo. Kikisoma 38.0 au zaidi, hakuna kungoja. Vilevile akitetemeka kwa baridi, akihema kwa shida, akichanganyikiwa, akitokwa damu au akiharisha bila kukoma, ondokeni hata kama namba haijafika 38.

Hapa kwetu homa ni malaria, kila mtu atakwambia hivyo. Apimwe malaria, ndiyo. Lakini kipimo kiwe hospitali, si kibandani, na kipimo cha malaria kikionyesha hana, kazi ndiyo inaanza. Kikionyesha anayo, bado achunguzwe vijidudu vingine. Askari wakiwa wachache, vijidudu kwenye damu huweza kuua kwa saa, si kwa siku. Msimpe Panadol kabla hajapimwa joto na kuonwa. Panadol inashusha namba, haishushi ugonjwa.

Mjini Babati kuna Hospitali ya Mji, ile ya Mrara, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Nendeni hapo kwanza, usiku huo huo. Mkabidhi daktari daftari, mwambie neno hili: "Amepandikizwa uloto siku kadhaa zilizopita, ana homa." Huyo ataanza dawa ya mshipani na kuwapigia simu wenzake. Arusha ni kilometa kama 170, Dodoma kama 250. Safari hizo zinafanyika mgonjwa akiwa tayari ameanza dawa. Fedha ya gari la usiku iwekwe kando tangu siku ya 45, na dereva ajulikane kwa jina. Kama fedha ni shida, waoneni watu wa ustawi wa jamii hospitalini mapema, mkiwa bado na nafasi ya kuzungumza.

Zoezi la kikundi

Hili hapa daftari la kutunga. Someni kwa sauti, kisha jadilini.

Siku ya 58. Asubuhi 36.6. Jioni 36.9. Amekula vizuri.

Siku ya 59. Asubuhi 36.8. Jioni 37.6. Amechoka, amekula kidogo.

Siku ya 60. Saa 1 asubuhi 37.4. Saa 10 jioni 38.1, kichwa kinauma. Amepewa Panadol 2. Saa 12 jioni 37.2, amecheka na wajukuu. Saa 4 usiku 38.7, anatetemeka. Baba amesema gari ni ghali usiku.

Siku ya 61. Saa 12 asubuhi, amepelekwa hospitali.

1. Ilikuwa saa ngapi ilipobidi waondoke nyumbani?

2. Tangu saa hiyo mpaka walipoondoka, zilipita saa ngapi?

3. Ile 37.2 ya saa 12 jioni iliwaambia nini, na kweli ilikuwa nini?

4. Katika kijiji au mtaa wenu, nani ana gari linaloweza kutoka saa 4 usiku, na atalipwa na nani?